Kanuni za Tante Angélique

Malvern, Johannesburg
Jumapili, 11 Februari 2024

Mama mdogo Angélique,

Salamu zetu zikukute mzima. Sisi huku tupo. Mama anashona sare za kwaya za rangi ya zambarau, na chumba kimejaa vitambaa hadi mimi nakula nimesimama. Goti lake linamsumbua lakini hataki uambiwe, kwa hiyo jifanye hujui. Masikio yako yanaendeleaje? Mama anasema alipokupigia simu Krismasi mliimba pamoja, yeye wimbo wake na wewe wako. Ndiyo maana naandika. Barua anakuletea Murielle, yule jirani yako wa Kamalondo anayekuja huku mjini kununua mablanketi ya jumla.

Nimepata kazi, na ndiyo sababu ya kukusumbua. Ofisi iko Braamfontein, ghorofa ya sita. Mjerumani anapiga namba ya kwao, simu inalia huku, na hajui kwamba anaongea na Mkongo wa Jules Street. Nilisoma Kijerumani miaka miwili katika ule mradi wa vijana, nikapewa cheti, nikajiona fundi. Kumbe nilichojua ni kununua mkate na kuuliza kituo cha treni.

Tatizo ni kwamba kichwa changu ni cha Kiingereza. Nimelelewa huku tangu nina miaka sita, na Kiswahili changu ni cha jikoni kwa mama na cha kanisani. Kiingereza kina neno moja la kumwitia kila mtu, awe bosi, mtoto au mbwa. Juzi nilimwambia mzee wa miaka themanini *du*, neno la watoto na marafiki, badala ya *Sie*, lile la heshima. Akakata simu. Msimamizi wetu, anaitwa Steve, alicheza rekodi hiyo mbele ya watu wote akasema, "Eish, Didier, unaongea na babu wa watu kama mmekutana shebeen mkinywa pombe." Watu walicheka hadi wakashika meza.

Mahali penyewe panatia kinyaa. Hedifoni tunaachiana zamu kwa zamu, na sponji zake zinanuka masikio ya wenzetu. Jumatatu nilifuta yangu kwa karatasi, karatasi ikatoka na rangi ya chai. Kila mmoja amepewa jina la Kijerumani. Mimi ni Stefan Vogel.

Kazi inahusu afya ya wazee. Niko kwenye majaribio hadi Agosti, na nisipoongea vizuri narudi kukaa nyumbani nikihesabu sindano za mama. Wewe uliishi kwao Ujerumani. Nifundishe yale ambayo hayamo vitabuni.

Mwanao,
Didier


Kamalondo, Lubumbashi
17 Machi 2024

Mwanangu Didier,

Barua yako imefika ikinuka sabuni, maana Murielle aliifunga na miche ya sabuni, na kwa kweli ni afadhali kuliko ulivyoielezea hiyo ofisi yenu. Tunaendelea. Mvua imeangusha ukuta wa uani kwangu. Ulipokuwa umesimama jirani wa nyuma alisema ni wake, sasa umelala chini anasema ni wangu. Mwambie mama yako abandike jani la kabichi kwenye goti usiku, ila usiseme nani ametoa siri.

Hilo jina la Stefan Vogel limenichefua. Mimi nilikaa kule miaka kumi na moja katika nyumba ya wazee ya masista, kwanza nikifua mashuka, baadaye nikiwauguza, na hakuna aliyeniomba niitwe Helga. Waliliumiza jina langu, lakini lilikuwa langu.

Haya, sikiliza. Wiki yangu ya kwanza sikunywa kahawa. Kila wakinikaribisha nilisema asante, na wao wakaondoa kikombe. Kule ukikaribishwa ukajibu asante peke yake, umekataa. Mimi nilidhani wananitesa kwa makusudi, nikawachukia hadi Ijumaa. Nakuambia hivi ujue kwamba huwezi kubeba adabu ya nyumbani ukaimwaga pale kama ilivyo.

Kuhusu *du*. Mdogo haingii humo mwenyewe. Anangoja mkubwa amfungulie. Wewe ni Mluba, utaelewa kwa haraka: kwetu mkwe hali mbele ya mama mkwe wake mpaka siku mama mwenyewe atakapomwita na kumwambia njoo tule. Kabla ya siku hiyo ukikutana naye njiani unapita kando. Na kwao ni hivyo. Siku mzee atakapokutajia jina lake la kwanza, amekuvutia kiti jikoni kwake. Kiti hicho hakirudishwi. Katika miaka yangu yote kule sikuona mtu akimvua mwenzake *du*, maana ni heri angemzaba kofi.

Halafu usiombe radhi ovyo kama Waingereza. Ukimwuliza mzee hali yake, mngoje akuambie, kwa sababu atakuambia kweli, kuanzia vidole vya miguu. Kumbuka alichokuambia jana ukamwulize leo. Akinyamaza, nyamaza naye. Na kuna vineno vyao vidogo visivyotafsirika, *mal*, *doch*, *ja*, ambavyo Kiingereza chako hakina ila Kiswahili kinavyo: ni kama hebu, ni kama basi, ni kama jamani. "Kaa" ni amri. "Kaa basi" ni mkono begani. Tumia *doch* hapo, uone mzee anavyolegea.

Sasa na mimi niulize. Afya ya wazee ni afya ipi? Daktari ni nani, na mnatibu nini kutoka ghorofa ya sita?

Mama yako mdogo,
Angélique


Malvern
5 Mei 2024

Mama mdogo mpendwa,

Tumepokea barua na ule unga wa muhogo, asante kwa yote mawili. Mama amebandika kabichi na anadai ni wazo lake. Sare za kwaya zimekwisha, ila mchungaji ameziona fupi, kwa hiyo mama anazirefusha huku akimsema mchungaji kwa sauti ambayo nadhani hata wewe ungeisikia. Baridi imeanza. Asubuhi naondoka kabla robot, zile taa za barabarani za Jules Street, hazijaanza kuona magari, nikiwa nimevaa koti la marehemu baba.

Masomo yako yamefanya maajabu. Nimeacha kuomba radhi. Nauliza hali, nangoja, nasikiliza vidole vya miguu. Naandika pembeni kwamba huyu ana paka mgonjwa, yule mjukuu wake anafunga ndoa, na wakipiga tena nauliza paka na nauliza ndoa. Wengine wananyamaza kwanza, halafu sauti inabadilika kabisa. Steve anasema hajawahi kupata mtu kama mimi.

Kuna mama mmoja anaitwa Frau Lindner, mjane wa miaka themanini na minne, anakaa ghorofa ya tatu katika jengo lisilo na lifti. Alikuwa amepiga kusema jambo fupi tu, tukaongea nusu saa. Nilimwambia akae basi, kwa *doch* yako. Alipopiga mara ya tatu akasema, "Mimi ni Hannelore." Nilijua maana yake kwa sababu yako. Nilisema asante, nikamwita Hannelore, naye akacheka kama msichana.

Kisha Steve akagonga kengele. Ameweka kengele ya shaba ukutani, na kila mteja akimfungulia mmoja wetu *du*, inagongwa na watu wanapiga makofi. Frau Lindner aliisikia akauliza kama kuna kanisa karibu. Nilisema ndiyo. Sikuipenda hiyo kengele, nakuambia kweli, ilinifanya nijisikie mchafu, lakini makofi niliyapokea.

Wametupa pakiti za bure za vidonge vyenyewe wanavyotumiwa wateja. Nimefungua kimoja, kinanuka samaki aliyesahaulika kwenye mfuko. Nilinawa mara ngapi sijui, na kwenye taksi abiria aliyekaa karibu nami bado alifungua dirisha na baridi yote ile.

Nisaidie hapa. Mzee akisema, "Mimi nimeshazeeka, havinisaidii tena," mtu wa kwao angemjibu vipi, vizuri, bila kuonekana anambishia?

Wako,
Didier


Kamalondo
30 Juni 2024

Mwanangu,

Natumaini baridi haijawazidi. Murielle alikwama Kasumbalesa mpakani siku kadhaa na malori, barua yako ikalala na vitunguu, kwa hiyo safari hii imenuka inavyostahili. Ukuta nimeujenga mwenyewe, na jirani ameanza kuanika nguo juu yake. Masikio yamezidi kufunga. Kanisani namtazama padri mdomo tu, na nimegundua anasema machache kuliko nilivyodhani.

Didier, umejibu kila kitu isipokuwa nilichokuuliza. Niliuliza daktari ni nani, umeniambia kengele. Niliuliza mnatibu nini, umeniambia samaki. Mimi ni kiziwi, si mjinga.

Nitakupa hadithi. Mwaka mmoja wa baridi kali alikuja kijana pale kwa masista, ana viatu vinavyong'aa na masanduku ya mablanketi ya umeme. Sista mkubwa alikuwa safarini. Kijana akaingia chumba kwa chumba, akaketi kitandani kwa wazee, kitandani, si kwenye kiti. Akawashika mikono. Akawaita *du* wote bila kufunguliwa mlango na hata mmoja, akawaita bibi, akawauliza marehemu waume zao walipenda nini. Nilikuwa nimebeba mashuka yenye mkojo mikononi, na nakuapia mashuka yale yalikuwa safi kuliko yeye. Bibi mmoja alinunua mablanketi manne, na chumba chake kilikuwa na joto hadi tulikuwa tunafungua madirisha Januari. Jioni nilimkuta anayapapasa ananiambia, "Kijana mzuri sana yule, amenisikiliza." Sista aliporudi alimkuta kijana bado yumo, akayatupa masanduku yake ngazini, moja moja.

Nilikuwa nimemsahau yule kijana miaka yote hii. Wewe umemfufua, na sijui kwa nini, na sitaki kujua peke yangu.

Unaniuliza mzee akisema dawa haimsaidii ajibiwe nini. Mgonjwa akisema basi, nesi anaandika basi. Kuna jibu gani lingine? Na huyo Frau Lindner alipopiga mara ya kwanza kusema "jambo fupi", lilikuwa jambo gani?

Nijibu hilo moja. Mpaka hapo darasa limefungwa.

Angélique


Malvern
18 Agosti 2024

Mama mdogo,

Salamu kwako na kwa ukuta. Mama hajambo. Amepata kibanda kidogo hapa Jules Street, karibu na duka la matairi, anarekebisha suruali za watu huku wakingoja. Anaimba siku nzima.

Umeniuliza nami nitakujibu, ila unisome mpaka mwisho kabla hujakunja uso. Alipiga kusema anaacha. Vidonge vya mafuta ya samaki, vya magoti, vinakwenda kwa mteja kila mwezi mpaka yeye mwenyewe aseme visimame. Akipiga kusema visimame, simu inaletwa kwenye dawati letu. Kazi yetu ni kumfanya abadili mawazo. Hakuna daktari. Frau Lindner amesema anaacha mara tatu, na mara tatu nimemwambia abaki basi, na amebaki.

Haviui mtu. Na ni watu wazima, wanaweza kukata simu. Wewe uliondoka kwenu ukapata kazi kwa masista, mimi nimepata kwa Steve, na kodi ya chumba hailipwi kwa heshima. Mama ameacha kushona usiku kwa sababu yangu. Hayo pia uyaweke kwenye mizani.

Nimeajiriwa kabisa, majaribio yamekwisha. Tena kuna habari ambayo nilidhani itakufurahisha. Steve aliniuliza nimejifunzia wapi. Nikamtafsiria barua yako ya Machi, yale masomo tu, kahawa na mama mkwe na vineno vidogo. Ameyachapa kwa herufi kubwa na kuyabandika ukutani chini ya kengele. Juu yameandikwa *Kanuni za Tante Angélique*, Tante kama wao wanavyomwita mama mdogo. Vijana wapya wanafundishwa kwa hayo siku ya kwanza. Wengine wanagusa karatasi kwa kidole kabla ya kuvaa hedifoni, kama watu wa bahati nasibu. Hakuna mtu pale asiyekujua.

Jambo moja linanisumbua. Frau Lindner alinifumia soksi. Alizituma kwa Stefan Vogel, kwa anwani ya Ujerumani iliyo kwenye bahasha za kampuni. Pale hakuna Stefan wala ofisi, ni sanduku la barua tu, na kifurushi kikamrudia. Alilia kwenye simu. Alidhani nimefukuzwa kazi kwa sababu yake, kwamba anapiga mno. Nilimwambia nimehamishwa jengo. Akauliza lipi, ili azilete mwenyewe kwa treni. Ngazi zile tatu anazishuka mara moja kwa wiki, mama mdogo, kwa ajili ya maziwa. Nikamwambia asihangaike, nikabadilisha maneno, na mkataba ukaendelea.

Usiku sili vizuri. Mama anadhani ni minyoo.

Didier


Kamalondo
29 Septemba 2024

Didier,

Mama yako msalimie. Mimi mzima wa mwili.

Nimeisoma barua yako nimesimama, kisha nimekwenda uani nikatapika. Sikuandikii hivyo kwa mapambo. Nilitapika kweli, jirani akaniuliza kama ni maji ya bomba.

Unaniambia haviui. Nani alikuuliza kama vinaua? Yule kijana wa mablanketi hakuua mtu. Unaniambia wanaweza kukata simu. Hawawezi, na wewe ndiye ulihakikisha hawawezi, kwa sababu mtu hamkatii simu mtoto aliyemwita jikoni kwake. Nilikupa adabu ya kumkaribia mzee kwa heshima, umeifanya ndoano. Yule wa viatu vya kung'aa angalau aliiba kwa ujinga wake, hakujua hata mlango uko wapi. Wewe umeingia kwa mlango, umevua viatu, umeketi, ukala. Sijui ni neno gani la Kiswahili linalokutosha, na Kijerumani sitaki kukichafua.

Na jina langu. Uliponipa habari ya karatasi ulitegemea nifurahi. Hapo ndipo nilipokuogopa, mwanangu, kwa sababu niliona kwamba hukuniandikia kwa ubaya. Uliniandikia kwa fahari.

Kodi nimeisikia. Mama yako alishona usiku mkiwa hamna hata kitanda, na wewe ulikula, na hukuwahi kula kitu chenye harufu hii. Usimweke mama yako kwenye mizani ambayo hajaiona. Mwoneshe kwanza barua zangu.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi nyingine. Nimemwandikia Frau Lindner, kwa Kijerumani cha miaka arobaini iliyopita. Sijaifunga kwa gundi, isome. Nimemwambia: Huyo unayemwita Stefan anaitwa Didier. Ni mtoto wa dada yangu, na yuko Afrika Kusini. Namna anavyoongea nawe nilimfundisha mimi. Vidonge hivyo si dawa. Andika kwamba unaacha, usipige simu, kwa sababu ukipiga utampata yeye.

Anwani yake sina. Unayo wewe.

Angélique


Malvern
17 Novemba 2024

Mama mdogo,

Mama anakusalimu. Barua zako amezisoma zote, nilimpa mwenyewe. Alisoma akishona, kisha akaacha kushona, kisha akanirudishia, na chakula cha jioni akanipakulia kwa kijiko kikubwa kama ninavyopakuliwa siku za msiba.

Karatasi yako ilikaa kwenye begi langu wiki mbili. Nilinunua bahasha. Niliandika anwani. Halafu nikafikiria atakavyoifungua peke yake, ghorofa ya tatu, na hana wa kumwuliza kama ni kweli. Nikaona kuipeleka kwa posta ni kumwachia mtu mzigo mlangoni na kukimbia.

Alipiga Jumanne, kama kawaida yake. Aliniuliza kama nimekula. Nikasema, "Hannelore, nina barua yako, ngoja nikusomee." Nikaisoma yote, polepole, jina langu na jina lako, hadi pale mwisho unapomwambia asipige simu. Rekodi ilikuwa inaendelea. Kijana wa dawati la pili alivua hedifoni akanikodolea macho.

Alinyamaza. Nilinyamaza naye, kama ulivyonifundisha, na nilisikia saa yake ya ukutani. Kisha akauliza jina langu la ukoo. Nikamwambia, Kalenga. Akaniomba nilitaje herufi moja moja, nadhani alikuwa anaandika.

Akasema, "Herr Kalenga, nakushukuru kwa taarifa. Naomba usitishe mkataba wangu, na unithibitishie kwa maandishi."

Alisema kwa *Sie*, mama mdogo. Maneno yote mawili matatu, kwa *Sie*. Sauti haikupanda, hakulia, hakunitukana. Aliongea nami kama anavyoongea na mtu aliyekuja kusoma mita ya gesi. Nimeshatukanwa na Wajerumani kwa kila aina ya neno, nacheka, navaa koti, naenda zangu. Hili la adabu sijui nilipeleke wapi. Niko kwenye taksi nalisikia. Mtu ananiuliza bei ya kukata suruali nalisikia.

Mkataba niliusitisha nikiwa bado naye kwenye simu, na uthibitisho nikautuma. Steve alifika kabla sijasimama. Hakupiga kelele. Alisema, "Sharp, Stefan," kama mtu anayeaga, akachukua kadi yangu ya mlango, na mlinzi, Juvénal, yule Mrundi tunayesali naye, akanisindikiza kwenye lifti huku akitazama viatu vyake.

Sasa niko kibandani kwa mama, napiga pasi. Kodi tutaona. Nimefanya ulilotaka, na zaidi ya ulilotaka. Naomba uniandikie neno moja zuri, maana nalihitaji.

Didier


Kamalondo
22 Desemba 2024

Mwanangu Didier,

Nakusalimu, na safari hii nakusalimu kwa moyo. Msalimie mama yako. Mwambie sukari aliyotuma imefika, na sikukuu nitaila kwa Murielle kwa sababu watoto wake wanapayuka na huwa nawasikia kidogo.

Kusoma barua ile kwa mdomo wako kulikuwa vigumu kuliko kuipeleka posta, na ulifanya vizuri. Hilo ndilo neno zuri uliloniomba, na ni la kweli. Yule mama amekutoa jikoni kwake. Usimwandikie, usimtafute, usimpelekee salamu za Krismasi. Ni haki yake kutokujua habari zako.

Lakini umeniandikia kurasa tatu na hukuitaja ile karatasi ya ukutani yenye jina langu. Nimezisoma tena na tena nikidhani imenipita. Ulisimama, ukatoa kadi, ukasindikizwa, ukaingia kwenye lifti, ukaondoka. Wewe umetoka pale. Mimi bado niko ukutani, chini ya kengele. Kesho asubuhi kijana mpya atanigusa kwa kidole, avae hedifoni yenye uchafu wa masikio ya watu, na amwambie bibi fulani akae basi, na bibi atakaa. Nimekuwa mfanyakazi wao, na umri huu, na nikifikiria hivyo natamani kujikwangua ngozi.

Najua kadi wameichukua. Najua hata ukiibandua hiyo karatasi, wameshaikariri. Kwa hiyo sikutumi kwenye karatasi. Wenzako hawakai humo ndani siku nzima, wanashuka. Simama pale chini kwenye mlango wa jengo, uwaambie mmoja baada ya mwingine kwa Kiingereza chenu kwamba Angélique ni mtu, yuko hai, na anafahamu wanachofanya na maneno yake, na kwamba kinamtia kinyaa. Watacheka. Waambie tena kesho yake.

Murielle anapanda basi kuja huko Jumatatu baada ya Krismasi, na nimemwagiza vizuri. Asikubali kuniletea kitu chochote chenye mwandiko wako mpaka umthibitishie kwamba umewaambia wote.

Mama yako mdogo,
Angélique